Karanga zisubiri

KUTOKA UGOGONI
Na Yona Chidawali

Kijana wa Kongwa akipata kamera, hata ya kuazima, wazo la kwanza linalomjia ni karanga. Simlaumu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa kulima karanga, wakitafuta mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakaleta matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru, wakatandika reli kutoka Msagali, wakang'oa mibuyu na kukimbizwa na nyuki waliokuwamo. Kiangazi kikaukausha udongo wetu ukawa saruji. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Asiyetaka karanga anakuja na kambi ya wapigania uhuru iliyokuwa hapa hapa miaka ya 1960: FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao.

Ni visa vizito, na vinatuhusu. Ila skripti ninazoletewa nizisome zina vifaru, gari moshi na umati wa vibarua, na mtunzi mwenyewe ana simu moja na marafiki wanaoondoka shambani saa kumi jioni. Nikimwambia aandike filamu fupi, ya dakika kumi na tano, ananitazama kana kwamba nimemshusha darasa.

Ndipo huwa namtaja mwongozaji filamu Ekwa Msangi. Wazazi wake ni Watanzania. Yeye alizaliwa Oakland, Marekani, akakulia Kenya, akasomea filamu Chuo Kikuu cha New York. Watu wengi walimfahamu Januari 2020, filamu yake ndefu ya kwanza, Farewell Amor, ilipoingia kwenye mashindano ya Sundance. Kabla ya hapo alikuwa amefanya filamu fupi kwa miaka. Taharuki ya 2011 aliiweka katika siku za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007. Soko Sonko ya 2014 ni kichekesho cha baba anayempeleka binti yake kusukwa nywele kabla shule hazijafunguliwa, akajikuta katikati ya soko asilolijua. Baba, mtoto, nywele, soko. Basi.

Kisha akaja kwenye kisa kilichotoka katika ukoo wake mwenyewe: mume yuko Marekani, mke na mtoto wako Tanzania, viza haitoki, miaka inakwenda. Kisa cha namna hiyo sisi tungekianzia siku ya harusi, twende hadi uwanja wa ndege, tulie ubalozini, tufike Sehemu ya Pili mume akiwa bado hajapanda ndege. Msangi alikifanya kwanza filamu fupi, Farewell Meu Amor, ya 2016, na kote humo akachukua jambo moja tu: mke yuko njiani anakuja, na mume lazima aagane na mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Miaka yote ya kungoja imo ndani ya kuagana huko, wala hakuna anayeisimulia.

Katika filamu ndefu familia ni ya Waangola, imetengana miaka 17, na mambo yale yale yanapitiwa mara tatu: kwa macho ya baba, ya mama, kisha ya binti. Yule mwanamke wa pembeni hakugeuzwa shetani, kama tulivyozoea kuwafanya wenzake kwenye filamu zetu. Nadhani ni ile filamu fupi iliyomsaidia hapo. Ukishakaa na mtu chumbani siku anayoachwa, huwezi tena kumwandika vibaya kwa uvivu.

Mwongozaji Amil Shivji naye alianza hivyo hivyo, na filamu fupi, Dar es Salaam. Shoeshine ilitoka 2013, ya mpiga rangi viatu aliyekaa pahala pamoja akisikia dunia ikipita. Samaki Mchangani ikafuata 2014. Vuta N'Kuvute, filamu ndefu iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto 2021, ilikuja baadaye sana.

Soko la kanda na sidii ndilo lililotufundisha kurefusha: sehemu mbili, mauzo mawili. Soko hilo limekufa, tabia imebaki. Kwa hiyo, wanangu, acheni reli. Chukueni kibarua mmoja wa Kigogo aliyeamriwa kuangusha mbuyu ambao babu yake alitundika mizinga yake humo. Asubuhi moja, mbuyu mmoja (tunayo mingi), watu wawili. Vifaru tutavisikia kwa mbali, na sauti haina gharama kubwa.

Fedha? Filamu fupi hailipi, nisiwadanganye. Itazunguka kwenye matamasha kama ZIFF ya Zanzibar, itawapatia jina, pengine na safari. Msiikopee. Mkiunda kikundi mkapata mkopo wa vijana wa halmashauri, nunueni kamera na taa, mkashuti harusi za Kibaigwa msimu wa mavuno, wakati mahindi yameshauzwa na watu wana pesa mkononi. Rejesho litoke kwenye harusi. Filamu yenu ishutiwe Jumatatu, kamera ikiwa haina kazi.