Supamuni haileti tetemeko, huleta bamvua

Na Mwanajuma Bakari

Kila supamuni inapokaribia, simu hujaa ujumbe uleule: jiandaeni, ardhi itatikisika. Mwaka 2011 hofu hiyo ilipata mafuta mapya. Machi 11 tetemeko kubwa lilipiga kaskazini mashariki mwa Japani, tsunami ikafuata. Machi 19 mwezi ukapevuka ukiwa karibu mno na Dunia. Watu wakayaunganisha mawili hayo, ilhali kalenda inakataa. Siku ya tetemeko mwezi ulikuwa bado haujafika hata nusu, na siku chache kabla yake ulikuwa umefika mbali kabisa katika mzunguko wake.

Njia ya mwezi si duara kamili. Huweza kusogea hadi kama kilomita 356,500 kutoka Duniani, kisha ukajitenga hadi zaidi ya 406,000. Ukipevuka ukiwa upande wa karibu, hiyo ndiyo supamuni, jina alilolibuni mnajimu wa Marekani, Richard Nolle, mwaka 1979.

Hofu ya matetemeko haikuzuka hewani tu. Mwaka 2016 Satoshi Ide wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake walionyesha kuwa uwezekano wa mpasuko mdogo wa miamba kukua na kuwa tetemeko kubwa huongezeka kidogo wakati wa bamvua. Kidogo tu. Hakuna awezaye kulitumia hilo kutaja siku wala mahali, na anayesambaza tarehe ya maafa anawatisha watu bure.

Kazi ya mwezi inayoonekana iko baharini. Mwezi ukipevuka au ukiandama, huvuta maji kwa mstari mmoja na jua, na bamvua huja. Ukiwa karibu, bamvua huzidi: maji hujaa juu zaidi na kupwa chini zaidi. Ziada yenyewe kwa kawaida ni sentimita, lakini sentimita zina thamani. Machi 23, 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilikwama katika Mfereji wa Suez. Tagi zilivuta, mchanga ukachimbwa kwenye omo, meli ikagoma. Machi 28 mwezi ukapevuka, ukiwa karibu. Kesho yake, maji yakiwa yamejaa kupita kawaida, Ever Given ikaelea.

Hapo Paje, Unguja, wakulima wa mwani wanayajua haya bila kusomewa. Kazi yao hufuata bamvua. Maji yakipwa, wanawake hushuka hadi kwenye mashamba, wakainama kufunga vitawi kwenye kamba zilizokazwa baina ya vigingi, na maji yanaporudi magotini huanza kuburuta magunia ufukweni. Bahari ikipwa sana, muda wa kazi huongezeka. Ikijaa sana huku kusi ikivuma kwa nguvu, mawimbi hula fukwe na kuta za nyumba zilizojengwa karibu na maji.

Kwa hiyo safu hii inazitaka redio za pwani zisome saa za maji kujaa na kupwa kila jioni, na wiki ya supamuni ziwakumbushe wenye mashua na wenye nyumba za ufukweni. Novemba 25, 2034, mwezi mpevu utakuwa takriban kilomita 356,450 kutoka hapa, na jedwali la maji la siku hiyo linaweza kukokotolewa leo.