Someni Logi za Seva Zenu

Kwa wasimamizi wa seva za barua pepe katika ofisi za umma, na kwa wakuu wao.

Waheshimiwa,

Natunza seva ndogo ya barua pepe inayotumiwa na saiba moja na ofisi chache hapa mjini Turbo, kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba. Muhula uliopita mama mmoja alituma kupitia kwetu, kwa ofisi moja ya umma, fomu za kumwombea bintiye basari. Alituma Jumatatu, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Akaenda zake nyumbani akijua kazi imekwisha. Jumamosi barua ikamrudia.

Nilifungua logi. Seva ya ofisi ile ilikuwa imetujibu neno moja tangu mwanzo hadi mwisho: 452 4.3.1, yaani nafasi ya kuhifadhi haitoshi. Ninyi mnajua kwamba jibu linaloanza na 4 maana yake ni ngoja ujaribu tena, na linaloanza na 5 maana yake ni usijaribu tena. Seva yetu hutumia Postfix, nayo ikatii. Ilingoja dakika 5 ikajaribu, ikazidi kurefusha muda hadi saa moja na dakika chache, na siku 5 zilipotimia ikaacha. Ilibisha hodi zaidi ya mara 100. Kwa kawaida seva inayokataa barua nayo huandika hayo katika logi yake, kwa hiyo habari hii mlikuwa nayo.

Afadhali mngekataa kwa 5. Mama yule angejua siku ile ile, akapanda matatu hadi Eldoret na karatasi zake mkononi. Kwa upande wangu, sikuwa nimewasha onyo la barua iliyochelewa. Sasa nimeliwasha.

Nilijaribu kuwaarifu wahusika. RFC 5321, kanuni ya mwaka 2008 inayoongoza usafirishaji wa barua pepe, inadai kila seva inayopokea barua izikubali zinazoelekezwa kwa postmaster, anwani ya msimamizi wa barua. Niliandika huko. Nikajibiwa 452.

Diski hujaa kwa sababu nyingi, lakini ipo moja ninayoikuta mara kwa mara ninapoitwa kutengeneza seva za watu. Kazi za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, zikikwama, mtambo humwandikia root, yaani akaunti yake kuu, kila usiku kueleza kilichoharibika. Root hana mtu nyuma yake. Barua hizo hurundikana mwaka mzima, au zinaelekezwa kwenye anwani iliyokufa, zikawa zinarudi na kutumwa upya, na logi inafura kwa makosa yale yale. Pengine df -h inaonyesha nafasi ipo, kumbe inode, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili, ndizo zimekwisha. Hapo ni df -i itakayowaambia ukweli. Kinachozuia barua ya mwananchi ni malalamiko ya mtambo ambayo hayakusomwa.

Na majibu yenu kwetu je? Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, njia za kuthibitisha barua imetoka kwa nani. Kikoa kisicho na hata kimoja kinaweza kumjibu mwombaji basari anayetumia Gmail kwa nia njema kabisa, na jibu lisimfikie.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na utawala kwa haraka na kwa ufanisi. Ofisi ikishatangaza kwamba maombi yatumwe kwa barua pepe, seva yake ndiyo dirisha la kupokelea.

Nawaomba leo, kabla hamjafunga ofisi, mwendeshe mailq mwone foleni. Barua za root na za postmaster zielekezeni kwa mtu aliye hai, mwenye zamu na jina lake ubaoni. Wekeni onyo diski ikifika asilimia 80. Na mtambo ukiwa umelala kabla ya siku ya mwisho ya maombi, ongezeni siku na mtangaze hivyo hadharani, maana logi itakuwa shahidi wa mwombaji.

Wenu,
Mtunza seva, Turbo