Aliyejinyonga Naye Ana Haki

Wengi katika vijiji vya Ufipa, kutoka Laela hata Matai, na miongoni mwao waungwana wenye elimu na cheo, huitakidi kwamba mtu akikutwa amejinyonga, habari yake imekwisha: maiti ioshwe na kuzikwa, polisi wasiitwe, kwa kuwa hakuna wa kushitakiwa na kupasua maiti ni kumvunjia marehemu heshima. Itikadi hii naipinga kwa moyo wote, kwani kwa jina la huruma huficha dhulma.

Sheria haikuliacha jambo hili katika hiari ya ukoo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 humlazimu kila ajuaye habari ya kifo cha ghafula, kisicho cha kawaida au chenye kutia shaka, aipeleke mara moja polisi ama kwa mwenye mamlaka wa mahali pale. Na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980 humpa hakimu madaraka ya kutafuta sababu ya mauti, pasipo kungoja apatikane mtuhumiwa.

Na nani, aghalabu, huwa wa kwanza kusema, "Amejiua"? Ni yule yule aliyekuwa naye usiku ule. Kamba yaweza kufungwa shingoni mwa aliyekwisha kuuawa, na chupa ya dawa ya wadudu wa mahindi yaweza kuwekwa kando ya mtu asiyeinywa. Daktari akiikagua maiti mapema huweza kupambanua. Ikisha kuzikwa, ithibati huoza pamoja nayo.

Khofu ya jamaa naielewa. Kanuni ya Adhabu humhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, nami naona kifungu hicho kifutwe, maana aliyekata tamaa ya maisha ahitaji tabibu, si pingu. Lakini maiti haishitakiwi, wala waliofiwa hawana hatia kwa kufiwa. Hatari i katika kunyamaza: pasipo taarifa ya daktari, minong'ono huanza matangani, na ajuza wa jirani hunyoshewa kidole cha uchawi, katika nchi ambayo vikongwe wamekwisha kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Kwa hiyo mtendaji wa kijiji, aombwapo na wazee kwamba yaishe kifamilia, sharti akatae. Na serikali nayo itoe gari, kwani mkulima wa bondeni, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, hawezi kuipandisha maiti hadi hospitali ya Sumbawanga kwa fedha zake.