Deni la mvuvi wa Koyama lisitekwe kwenye kompyuta

Mvuvi wa kisiwa cha Koyama hahitaji kumiliki kompyuta ili aumizwe na wahalifu wa mtandao. Inatosha mnunuzi wake wa Kismayo awe nayo. Mathalani, mvuvi ameleta samaki na kambakochi kwa mkopo, deni limeingizwa kwenye kompyuta ya duka, kisha asubuhi moja skrini inaonyesha ujumbe mmoja tu: mafaili yamefungwa, lipa kikombozi. Mwenye duka hajui tena anamdai nani wala anadaiwa na nani. Mvuvi naye hana risiti.

Wapo wanaodhani balaa hili ni la makampuni makubwa pekee. Ni kweli kwamba makubwa ndiyo husikika. Aprili 2023, Naivas, yenye maduka makubwa kote Kenya, ilitangaza kwamba imeshambuliwa kwa njia hiyo. Lakini programu ya WannaCry, iliyosambaa katika nchi zaidi ya 150 Mei 2017, haikuchagua tajiri. Iliingia kwenye kompyuta zenye Windows ambazo hazikuwa zimesasishwa, ikadai dola 300 kwa kila moja. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi.

Funzo kubwa zaidi kwa watu wa bahari linatoka Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Juni 27, 2017 ilipigwa na NotPetya, na hasara yake ikakadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300. Nakala muhimu iliyowasaidia kujenga upya mtandao wao ilipatikana Ghana, kwenye seva iliyonusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. NotPetya ilidai kikombozi, ila haikuwa na njia ya kufungua mafaili. Aliyelipa alipoteza mara mbili.

Kwa hiyo nakala rudufu iliyochomekwa kwenye mashine saa zote si kinga, kwani hufungwa pamoja na mashine. Mfanyabiashara anunue diski ya nje, anakili hesabu zake kila jioni, aichomoe na kuiweka mahali pengine. Mara kwa mara ajaribu kufungua nakala hiyo, ahakikishe inasomeka. Asasishe programu, aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, na awafundishe wafanyakazi wasifungue viambatisho wasivyovitarajia. Na mvuvi apewe risiti ya karatasi.

Serikali nazo zina wajibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka uvujaji wa data unaoweza kuwadhuru watu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Uganda, Tanzania na Somalia nazo zina sheria za kulinda data. Hata hivyo, mhalifu aliyeingia duka la Mombasa leo anaweza kuingia Kismayo kesho kwa mlango uleule. Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Jumuiya iwe na utaratibu mmoja wa kupeana tahadhari siku hiyohiyo, kwa Kiswahili na Kisomali, ili ziwafikie hata wenye maduka madogo. Wao ndio wanaoshika hesabu za wavuvi, na hawana wataalamu wa kuwaita usiku.