Usiivishe lenzi yako kioo cha dirisha

Wacha nikuulize. Hiyo filta iliyo mbele ya lenzi yako sasa hivi, uliinunua kwa nini? Kama jibu ni "muuzaji alisema italinda lenzi," basi keti tuongee kidogo. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaamini.

Nilikuwa nimejinyima miezi mingi hadi nikapata lenzi ya maana. Siku hiyo hiyo nikapita kwa duka moja hapa mpakani, nikauziwa filta ya UV kwa shilingi 600. Maandishi ya dhahabu, kiboksi safi, kila kitu. Wiki mbili baadaye nikaitwa Moding kupiga picha za sherehe ya mahari. Mchana mambo yalikuwa fiti. Giza lilipoingia na balbu zikawashwa hemani, karibu kila picha ikaja na vidoa vya kijani vinavyoelea, na kwenye picha nzuri kuliko zote kimoja kilikuwa kimetua kwenye shavu la bibi harusi mtarajiwa. Kwenye kiskrini cha kamera sikuviona. Niliviona nyumbani, saa sita usiku. Mama yake aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni nini kwa uso wa mtoto wangu?" Nilirudisha nusu ya pesa. Ile jioni yenyewe sikuwa na namna ya kuirudisha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: filta mbovu ni mbaya kuliko kukosa filta kabisa. Kama mfuko wako unafika kwa ile ya bei ya njugu tu, piga picha bila filta na uendelee kuweka akiba.

Sababu ni hii. Kioo cha kawaida, kama cha dirisha, hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Filta ina nyuso mbili, kwa hivyo karibu asilimia 8 inapotea au inazunguka mahali haitakiwi. Balbu kali ikiingia kwenye picha, mwanga wake hugonga ndani ya kamera, ukarudi hadi kwenye filta, ukarushwa ndani tena. Ndiyo maana kile kidoa hukaa upande wa pili wa picha, mkabala na taa iliyokizaa. Filta nzuri hupakwa tabaka kadhaa nyembamba sana zinazopunguza mrudisho huo hadi chini ya asilimia 1 kwa kila uso. Hizo tabaka ndizo unazolipia, si jina lililo kwenye kiboksi. Majina makubwa yenyewe hughushiwa.

Na UV je? Hii ilikuwa na kazi enzi za filamu, kwa sababu filamu ilinasa miale ya UV na kufanya vitu vya mbali viwe na ukungu wa buluu. Kamera za dijitali tayari zina kioo kinachoizuia mbele ya kihisi, kile kipande kinachopokea picha. Ukisimama Malaba asubuhi ukitaka kupiga Mwamba wa Tororo ng'ambo ile, halafu uuone umefifia, huo ni unyevu na vumbi. UV haitakusaidia.

Najua utasema, "Lakini vumbi letu je? Na masizi ya malori?" Hapo tunakubaliana. Ukienda kupiga foleni ya trela kiangazi, au mvua ikikukuta kazini, kioo cha kulinda lenzi kina maana, mradi kiwe kizuri. Ila dhidi ya kugongwa na kuanguka, nunua hudi, ile kofia ya plastiki inayozunguka mdomo wa lenzi. Haiweki kioo chochote mbele ya picha yako, na inazuia mwanga wa pembeni juu ya hayo. Filta nyembamba hupasuka kwa kishindo ambacho lenzi yenyewe ingekivumilia, na wewe unabaki ukijisifu kwamba "imeokoa lenzi".

Kama una pesa ya filta moja tu, nakushauri uchukue polaraiza, iliyoandikwa CPL. Hii inafanya kazi ambayo programu ya kompyuta haiwezi kuiga vizuri. Inakata mng'ao unaoruka kutoka kwenye maji, majani, rangi ya gari na kioo cha mbele cha lori, hadi unamwona dereva ndani. Inatuliza pia jasho linalong'aa kwenye ngozi zetu nyeusi mchana wa saa saba. Usiizungushe hadi mwisho lakini, uso ukikosa mng'ao wote unakuwa kama umepakwa jivu. Kwa anga, inafanya kazi zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Na inakula nusu ya mwanga au zaidi, kwa hivyo ukienda Kakapel kuona michoro ya kale chini ya mwamba, pale kivulini ivue.

Sasa, utajuaje nzuri ukiwa dukani? Usiogope kuonekana msumbufu. Pesa ni zako.

Kwanza, angalia kipenyo. Kwenye lenzi kuna alama ya Ø na namba, kwa mfano 58 au 77, hizo ni milimita. Kama una lenzi kadhaa, nunua filta ya ile kubwa zaidi, kisha utafute pete za kuunganishia hizo nyingine. Pete ni rahisi kuliko filta.

Pili, inamisha filta chini ya balbu ya duka. Ukiona balbu imejichora nyeupe na kali kama kwenye dirisha, hicho ni kioo kitupu, rudisha. Yenye mipako huonyesha balbu hafifu, yenye rangi ya kijani au zambarau.

Tatu, iweke juu ya karatasi nyeupe. UV au ya kulinda isibadilishe weupe. Ikigeuka manjano kama chai, achana nayo.

Nne, kama ni CPL, ishike mbele ya skrini ya laptopu, upande wa mbele wa filta ukitazama skrini, uizungushe. Kuna mahali skrini inafaa kuwa nyeusi kabisa au karibu. Isipobadilika hata kidogo, umeuziwa kioo cha miwani.

Tano, beba kamera yako. Toka nje, vuta lenzi hadi mwisho, piga namba ya trela iliyo mbali, mara moja ukiwa na filta na mara moja bila. Kuza picha zote mbili. Namba zikififia ukiweka filta, kioo hakiko sawa. Kisha washa tochi ya simu, iweke kwenye pembe ya picha, upige tena. Ningefanya hivi kwa dakika mbili tu siku ile, ningeona vile vidoa hapo hapo kaunta.

Muuzaji akikataa ujaribu, amekujibu tayari. Funga mfuko uende.

Kuna wenzetu watasema picha hutengenezwa na jicho la mpigaji, si vifaa. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema uvue kile kioo duni. Jicho lako limeshafanya kazi, kwa nini uliwekee pazia? Wengine watasema, "Nitafuta hivyo vidoa baadaye." Nimejaribu. Kimoja unafuta. Mia tatu, kwenye nyuso za watu, usiku kucha, hapana.

Sisi huku mpakani hatuna studio kubwa. Jina linatembea kwa mdomo, kutoka Busia hadi Malaba, kutoka shangazi mmoja hadi mwingine. Mteja hajui UV wala CPL. Anachojua ni kwamba binti yake alivaa vizuri siku hiyo, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kumwonyesha. Leo jioni, fungua hiyo filta yako, iinamishe chini ya balbu ya sebuleni, uone inakuambia nini.