Taa Iliyozaliwa Darasani

Juma hili tuzungumze juu ya wana wetu walio vyuoni, hasa wale wanaotuletea habari kwamba wameanzisha kampuni pamoja na wenzao. Wazazi wengi hukasirika: “Nimekulipia karo upate shahada, si uchuuzi!” Hasira hiyo si ya bure, maana karo ya mwana wa askari hutoka katika mshahara usio mkubwa. Lakini kabla hatujamkatiza kijana, natutazame asili ya taa moja ya nguvu ya jua, iitwayo d.light, ambayo leo huangaza nyumba nyingi za Afrika Mashariki.

Sam Goldman, kijana wa Kimarekani, alikuwa akifanya kazi ya kujitolea nchini Benin. Huko mtoto wa jirani yake aliungua vibaya kwa taa ya mafuta, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford, alikuta somo ambalo wanafunzi wa biashara na wa uhandisi huwekwa pamoja na kutakiwa kubuni vitu vya bei nafuu kwa ajili ya watu maskini. Humo alishirikiana na Ned Tozun, na mwaka 2007 wakaunda kampuni.

Chuo kiliwapa nini? Kiliwapa walimu wa kuwasahihisha, mahali pa kujaribia kazi yao, wenzao wenye ujuzi ambao wao hawakuwa nao, na jina la kubishia hodi kwa wenye mitaji. Lakini chuo hakikuweza kuwatafutia wanunuzi. Iliwabidi wafunge mizigo: Goldman alihamia India, waliko watumiaji wa taa za mafuta, na Tozun akaenda China, viliko viwanda. Ndipo taa zao zikaenea katika nchi nyingi, na mwaka 2010 wakapata tuzo ya Ashden huko Uingereza.

Hata Makerere vipaji havikosekani. Mwaka 2018 Brian Gitta, aliyeanza na wanafunzi wenzake, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu.

Basi mwanao akija na habari kama hizo, usimfukuze wala usimpe akiba yote ya nyumba. Mketishe, umwulize: Shida hiyo umeiona kwa macho yako, au umeisikia tu? Ni mwalimu gani anayewasimamia? Nani kati yenu yu tayari kwenda kuishi kwa wanunuzi? Na masomo je?

Akijibu vizuri, mpe baraka zako. Akibabaika, mrudishe kwa mwalimu wake akajifunze zaidi, wala usimvunje moyo. Mti hukunjwa ungali mbichi, lakini haukatwi.