Kabla hujapanda nguzo, uliza ukianguka nani atalipa

Nenda ufuo wa Malindi jioni, maji yakiwa yamekupwa. Ule mchanga mgumu unaobaki ndio jimu ya vijana wengi wa huku. Wanaruka, wanapandana mabegani, wanapiga msamba, halafu usiku wanavaa nguo za kung'aa wakafanye shoo hotelini. Siku hizi na dansi ya nguzo imeingia kwenye orodha ya vitu ambavyo watu wanataka kujaribu. Bomba la chuma, mtu mmoja, kichwa chini, miguu hewani. Klipu ya sekunde 15 na simu haitulii.

Najua kuna wale wakisikia nguzo wanawaza klabu ya usiku tu. Sawa, wazeni. Lakini India wana mallakhamb, mchezo wa kupanda nguzo ya mbao. Sarakasi ya Wachina ina nguzo yake. Na mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilipewa nafasi ya mwangalizi na GAISF, muungano wa mashirikisho ya michezo duniani. Hapa nyumbani, mgema wa Kilifi anapanda mnazi mara mbili tatu kwa siku na hakuna anayemuuliza kuhusu maadili (labda kwa sababu ya anachoteremka nacho). Kwa hivyo tuache hilo. Swali langu ni la pesa na mifupa.

Kazi ya hoteli Pwani haina mwendo mmoja. Krismasi hadi Machi wageni wapo, shoo zipo. Masika yakianza Aprili, hoteli kadhaa zinafunga milango na wengi wanakaa bila kazi hadi Julai hivi. Sasa tazama kinachofanyika mwilini. Kijana amekosa shoo, amekosa doo, anaenda mjengoni au anashika bodaboda ya mtu. Mazoezi yanakufa. Miezi mitatu baadaye anapigiwa simu: kuna shoo Ijumaa. Ana siku nne. Kichwa kinakumbuka kila kitu, bega halikumbuki.

Na hapa mwili unakudanganya. Misuli hurudi haraka, lakini kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, huchelewa kuzoea uzito. Unajihisi umekuwa chuma, unaongeza, unaongeza, halafu kiwiko kinaanza kuuma kila ukishika kikombe. Msimu wa mvua, mazoezi mara mbili tu kwa wiki, hata chumbani, yangemwokoa huyu mtu. Mimi chuo niliacha njiani na si daktari, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Kama unaitaka nguzo kweli, anza kwa kuning'inia. Hata goli la uwanja wa shule linatosha, mradi halitikisiki. Nyoosha mikono, kisha vuta mabega chini, mbali na masikio, bila kukunja viwiko. Inaonekana kama hufanyi kitu, lakini ndiyo italinda bega siku utakapobeba mwili mzima kwa mkono mmoja. Huwezi kujivuta hadi kidevu kivuke bomba? Panda kiti, anzia juu, jishushe kwa sekunde tano. Siku mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Fanya upande wa kushoto pia, hata kama unauchukia.

Msamba ndipo watu wanaumizana. Unamjua yule rafiki anayekukalia mgongoni huku wengine wanahesabu na kucheka? Mkataze. Mwili baridi hauvutwi. Kwanza kimbia kidogo, ruka kamba, zungusha nyonga mpaka jasho litoke, na kwa joto la Malindi usidhani jasho la kukaa tu ni sawa na kupasha misuli. Halafu shikilia kila mkao sekunde 10 hadi 30, rudia mpaka ifike dakika moja, bila kudundadunda. Huo ndio mwongozo wa ACSM, wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani, na hauhitaji vifaa. Ila kuvutika peke yake hakutoshi. Kama mguu unafika sikioni ukiusukuma kwa mkono, na ukiuachia unaanguka, hauwezi kukushikilia ukiwa kichwa chini. Uinue kwa misuli yake yenyewe, ubaki hapo.

Maumivu mazito ya msuli mzima, kesho yake na keshokutwa, ni ya kawaida. Kichomo ndani ya kiungo, ganzi vidoleni, au maumivu pale chini ya tako ambapo msuli wa nyuma ya paja unashika mfupa, hayo si ya kuvumilia. Acha hapo hapo.

Halafu mambo ya Pwani. Siku ya nguzo usijipake mafuta ya nazi wala losheni. Kwenye chuma, ngozi yako ndiyo breki. Futa bomba kwa kitambaa kila mtu akimaliza. Bomba lenyewe lisukume na kulitikisa kabla hujaliamini, hasa likiwa limesimikwa kwenye ndoo ya saruji, maana hiyo manze ni noma. Weka godoro chini, hata la kuazima, na awepo mtu anayejua kukushika, si anayeshika simu. Na kabla hujaweza kupanda na kushuka polepole, kichwa kibaki juu.

Ukifanya yote hayo bado unaweza kuanguka. Sasa nani analipa?

Tangu Oktoba 2024, NHIF iliondoka ikaja SHA. Asiye na mshahara anakadiriwa kipato chake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima. Hiyo ni Sh3,600 kwa mpigo, kwa mtu anayelipwa kwa bahasha, shoo moja moja. Mwaka 2025 serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole ili watu walipe kidogo kidogo. Inasaidia. Lakini SHA inalipa hospitali, hailipi kodi ya nyumba wakati umelala na mkono kwenye plasta.

Ya kodi ya nyumba ingetoka kwenye sheria nyingine, ile ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, watu wanaiita WIBA. Inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Tatizo ni hilo neno mfanyakazi. Kundi limeitwa kwa shoo moja, kiongozi amepokea pesa, hakuna karatasi. Mtu akivunjika, ni rahisi sana kuambiwa hao hawakuwa wafanyakazi wetu, walikuja na kazi yao. Na kiongozi wa kundi naye ni kijana kama wewe. Hana kampuni, ana namba ya simu.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko Disemba. Bahasha zikiwa nono tunagawana zote usiku huo huo. Kundi lingetoa kwanza SHA ya mwaka ya kila mmoja, kisha kitu kidogo cha masika, ndipo ligawane. Hicho kitu kidogo ndicho kitamrudisha mtu mazoezini Mei badala ya kumpeleka mjengoni siku zote saba.

Utaniambia ukidai sana wataita kundi lingine. Kweli, wataita. Lakini vikundi vya Malindi, Watamu na Kilifi vinajuana, mnapishana kwenye matatu zile zile. Mkikubaliana swali moja tu, mtu akiumia kwenye shoo nani analipa hospitali na siku za kulala, atakayeitwa baada yako naye ataliuliza. Mliulize kwa ujumbe wa WhatsApp, si kwa mdomo, ili jibu libaki kwenye simu.